Aliyepiga vizuri apewe timu? Hapana

Kila timu ya besiboli ikimtimua kocha, maoni ni yaleyale: mpeni nyota fulani, alipiga balaa enzi zake. Jamani, tumechoka.

Ted Williams alipiga .406 mwaka 1941, yaani mapigo safi kama manne katika kila zamu kumi za kupiga. Alipopewa Washington Senators mwaka 1969, timu ilishinda mechi 86. Kufikia 1972, ikiwa imeshahamia Texas, ikapoteza 100. Tommy Lasorda kama mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira) wa ligi kuu hakushinda hata mechi moja, alipoteza nne. Akiwa kocha wa Dodgers alichukua World Series, fainali ya ubingwa, 1981 na 1988.

Mpigaji anatazama mkono wa mrushaji, basi. Mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kuupokea mpira, ndiye mwenye uwanja mzima mbele ya macho. Chukua wizi wa beisi ya pili, yaani mkimbiaji anachomoka kutoka ya kwanza mrushaji anapoanza kurusha. Mrushaji akitumia sekunde 1.3 tangu aanze kujongea hadi mpira uingie glavu, na mdakaji 2.0 kuuhamishia mkononi na kuufikisha beisi ya pili, jumla ni 3.3. Mkimbiaji mwepesi anahitaji kama 3.4. Sasa mrushaji akinyanyua mguu kwa madaha na kufika 1.6, hata mdakaji mwenye mkono wa chuma hawahi, na jukwaani anazomewa yeye! Mdakaji anayejua kazi haongezi nguvu tu. Anaomba mpira wa kasi, wa juu, nje kidogo ya mpigaji, kwa sababu wa kujikunja unachelewa na hudunda chini. Hesabu hizo akizifanya kila jioni, ameshaanza ukocha kabla hajavua kinyago. Connie Mack, Joe Torre na Bruce Bochy wote walikuwa wadakaji.

Ila hapa nina wasiwasi. Huenda klabu zinawaita wadakaji kwa mazoea tu. Frank Robinson alikuwa na akili ya mchezo kuliko wengi, na bado hadi 1975 hakuna Mweusi aliyewahi kukabidhiwa timu ya ligi kuu. Yeye ndiye wa kwanza.

Ofisini ni kazi nyingine tena: orodha ya wachezaji 40, mishahara, mikataba. Whitey Herzog alishika ukocha na umeneja mkuu wa Cardinals kwa pamoja. Desemba 1980 alimleta Rollie Fingers, kisha Bruce Sutter, wote wamaliziaji, warushaji wa kufunga mechi. Kocha yeyote angewabakiza wote wawili. Meneja mkuu ndani yake akaona mwisho wa mechi unamtosha mmoja, akampeleka Fingers Milwaukee kabla hajarusha hata mpira. Fingers akawa MVP, mchezaji bora, wa American League 1981. Mwaka 1982 timu hizo mbili zikakutana World Series. Fingers alikuwa majeruhi, na Sutter ndiye aliyeimaliza mechi ya saba.