Je, wajua kwa nini wimbo wa Dido, yule malkia wa kwenye opera ya zamani (mchezo wa kuigiza unaoimbwa), unaliza watu hadi leo?

Kama una kinanda karibu jaribu hivi: bonyeza G, halafu shuka upande wa kushoto kibonye kimoja kimoja, cheusi kwa cheupe, usiruke hata kimoja mpaka ufike D. Noti sita tu hizo. Piga polepole, kisha tafuta njia ya kurudi G. Umeshaanza kusikia huzuni eeh?

Basi huo ndo mstari wa besi, ile sauti nzito ya chini, ambao mtunzi Mwingereza Henry Purcell aliujengea wimbo wa mwisho wa Dido kwenye opera yake ya Dido and Aeneas, iliyochezwa kwenye shule moja ya wasichana Chelsea, London, miaka ya 1680 mwishoni. Stori yenyewe ni ya Afrika, Dido ni malkia wa Carthage, Tunisia ya leo, kampenda Aeneas aliyekimbia vita vya Troya, na jamaa mwishowe anang'oa nanga anaelekea Italia. Dido anamwomba mpambe wake Belinda ampe mkono, giza linamjia, ndo anaanza kuimba.

Sasa ona ufundi. Besi inarudiwa mara 11, ni ileile, inashuka tu, unajua kabisa inakoelekea na huwezi kuizuia. Dido naye haendi nayo sawa, besi ikimaliza mzunguko yeye bado yuko katikati ya maneno, akivuta pumzi besi ishaanza upya, kwa hiyo sikio halipati pa kupumzikia. Halafu pale anaposema "nikumbuke" Purcell hakumpa mbwembwe yoyote, noti moja hiyohiyo inagongwa na kugongwa, baadaye ndo sauti inapaa juu. Kuna waimbaji wanaojiliza hapo, mi naona wanaharibu, ukiimba kavu ndo inachoma zaidi.

Purcell alifariki 1695 akiwa na miaka 36 tu. Muziki alioutunga mwaka huohuo kwa mazishi ya Malkia Mary wa Uingereza ukapigwa na kwenye mazishi yake mwenyewe, akazikwa kwenye kanisa la Westminster Abbey, London, alikokuwa mpiga kinanda. Mwaka 1945 mtunzi Mwingereza Benjamin Britten alichukua tuni yake nyingine akatungia kazi ya kuwafundisha watoto ala za okestra. Na wimbo wa Dido wenyewe, kila Novemba bendi za jeshi huupiga pale Cenotaph, mnara wa kumbukumbu London, kuwakumbuka waliokufa vitani, na hapo hakuna anayeimba, ni ala tupu.