Jared Bednar, beki ambaye NHL haikumwita

"Kocha, samahani. Hivi huyu mtoto asipofika NHL, pesa zote hizi zitakuwa zimeenda wapi?"

Aliyeniuliza ni mama mmoja wa Mombasa. Tulikuwa kando ya uwanja hapa Cleveland, mwanawe ameketi sakafuni anahangaika na kamba za viatu vya barafu. Nafundisha vijana hoki ya barafu na swali hilo nimelisikia kwa Kiingereza hadi nimelizoea. Kwa Kiswahili ilikuwa mara ya kwanza, nikababaika, nikamjibu kwa mkato. Ngoja nimjibu vizuri huku. Jibu langu ni mtu, anaitwa Jared Bednar.

Kwanza ngazi zenyewe. Juu kabisa ni NHL, ligi ya timu 32 za Marekani na Kanada. Chini yake ni AHL, iliyoanza 1936, ambako timu za NHL huwaweka vijana wao mpaka waive. Chini ya hapo ni ECHL, iliyozaliwa 1988 ikiwa na timu tano tu. Mtu wa soka ataelewa upesi, ila ashike jambo moja: huku timu hazipandi daraja wala hazishuki. Anayepanda ni mchezaji peke yake, begi begani, pengine kwa simu iliyopigwa asubuhi hiyohiyo. Akishuka, anashuka peke yake vilevile.

ECHL wanalipwa kwa wiki, na nyumba inatolewa na timu. Msimu una mechi 72, na kuna wikendi za kucheza Ijumaa, Jumamosi na Jumapili mfululizo, mji mmoja hadi mwingine, mnalala kwenye vitanda vya basi. Glavu hazipati muda wa kukauka. Jumapili unaingiza mkono kwenye jasho la juzi, baridi kama tope. Aliyewahi kusafiri na begi la hoki ndani ya gari lililofungwa vioo hahitaji maelezo zaidi.

Huko ndiko Bednar alikoishi ujana wake. Alizaliwa Yorkton, mkoa wa Saskatchewan, Kanada, mwaka 1972. Akapitia ligi ya vijana ya magharibi mwa Kanada, kisha 1993 akaingia ECHL na Huntington Blizzard ya West Virginia. Miaka miwili baadaye akahamia South Carolina Stingrays, North Charleston, pwani yenye joto ambako barafu watu huijua zaidi kwenye glasi. Alikuwa beki wa kazi: kuziba njia, kusukumana kwenye mbao za ukingo wa uwanja, na kupigana ikibidi. Enzi zile ilibidi mara nyingi. Alipandishwa juu kwa vipindi, akarudishwa. NHL hakucheza hata mechi moja.

Akiwa Stingrays alibeba Kelly Cup, kombe la ECHL, mwaka 1997 chini ya Rick Vaive, mtu wa kwanza kufunga mabao 50 kwa msimu mmoja akiwa Toronto Maple Leafs. Akalibeba tena 2001. Mwaka 2002, akiwa na miaka 30, akatundika viatu na kuvuka upande wa pili wa benchi, klabu ileile, akawa msaidizi wa Jason Fitzsimmons, ambaye naye aliwahi kuwa kipa wa hapohapo. Mwaka 2007 akapewa timu. Mwaka 2009 wakawafunga Alaska Aces katika fainali ya Kelly Cup iliyokwenda mechi zote saba.

Hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo, kwa sababu watu huiruka miaka hii kana kwamba ni chumba cha kusubiria.

Kocha wa ECHL mara nyingi ndiye anayesaka wachezaji, ndiye anayepiga hesabu za mishahara ili zisivuke kikomo cha wiki, ndiye anayempigia simu kijana aliyemaliza chuo kumshawishi aje. Juu ya hayo kuna sheria ya wakongwe: leo timu hairuhusiwi kuwa na zaidi ya wanne waliokwisha kucheza mechi 260 na zaidi za kulipwa. Kwa hiyo kila mwaka unafundisha wageni. Umemaliza kumpanga winga wako Alhamisi, Ijumaa AHL wanamwita, na mechi ni saa moja usiku. Huwezi kulalamika, kwa maana kumpandisha ndiyo kazi yako. Unamvuta wa mstari wa nne, yaani kundi la mwisho kuingia, unamweleza nafasi yake kwa maneno matatu, unamrusha barafuni. Zamu moja huchukua kama sekunde 40 hadi 45. Asipoelewa maneno yale matatu, paki, kile kisahani cha mpira tunachokipiga, iko wavuni kwako.

Mimi huona ukocha wake hata leo una alama ya mazoea hayo. Sura haibadiliki, maelekezo ni mafupi, na aliyeumia nafasi yake inajazwa bila maombolezo. Nyota mstaafu aliyeanza ukocha juu huwa amezoea kufundisha watu wanaojua tayari.

Baada ya Charleston akahama sana, kwenye timu za AHL: Abbotsford akiwa msaidizi, Peoria akiwa mkuu, halafu Springfield akashuka tena kuwa msaidizi kabla ya kukabidhiwa timu. Kurudi nyuma hivyo makocha wengi huona aibu. Mwaka 2015 akaja hapa kwetu, Lake Erie Monsters ya AHL.

Juni 11, 2016 nilikuwa mmoja wa watu 19,665 waliojaa ukumbini. Mechi ya nne ya fainali ya AHL dhidi ya Hershey Bears; tatu za kwanza tumeshinda zote, na ya nne ndiyo kombe. Dakika 60 zikaisha 0-0. Muda wa nyongeza nao ukawa unakatika, watu wameshaanza kuinuka kwenda kununua maji, ndipo Oliver Bjorkstrand akafunga zikiwa zimebaki sekunde zisizofika mbili. Bia ya mtu nisiyemjua ilinimwagikia mgongoni. Siku nane baadaye Cavaliers wa kikapu wakatwaa ubingwa wa NBA, na mji ukausahau usiku ule. Mimi bado ninayo tiketi.

Agosti 11 mwaka huohuo Patrick Roy, mmoja wa makipa wakubwa wa historia, akajiuzulu ukocha wa Colorado Avalanche ya NHL. Tarehe 25 wakamchukua Bednar. Kambi ya mazoezi ya msimu iko mlangoni, kikosi si chake, mipango si yake. Katika mechi 82 wakashinda 22 tu: pointi 48, msimu mbovu kupindukia. Aibu kama ile humfukuzisha kocha kabla ya Krismasi. Viongozi wakambakisha, na huo kwangu ndio uamuzi bora wa klabu ile kwa miaka mingi. Hata bahati nasibu ya kuchagua chipukizi, ambayo timu ya mkiani ndiyo huwa na nafasi kubwa ya kuchagua wa kwanza, iliwakataa; wakaangukia chaguo la nne. Wakamchukua beki anayeitwa Cale Makar.

Msimu uliofuata pointi 95. Kisha 2019, 2020 na 2021 wakakwama raundi ya pili kila mara, na maneno yakaanza tena. Mwaka 2022 hakuna aliyewazuia: fainali waliimaliza Juni 26 kwa Tampa Bay Lightning, waliokuwa mabingwa mara mbili mfululizo. Avalanche walitangulia kufungwa, Nathan MacKinnon akasawazisha, Artturi Lehkonen akaweka la pili, halafu zaidi ya dakika 20 za kulinda 2-1. Makar akawa mchezaji bora wa mtoano mzima. (MacKinnon huyu ndiye aliyecheza na Ice Lions wa Kenya walipopelekwa Kanada 2018. Mie niliyejifunzia kwenye kile kiwanja kidogo cha barafu cha Panari, Nairobi, lazima nitaje.)

Bednar akawa kocha mkuu wa kwanza kutwaa vikombe vya ngazi zote tatu: ECHL, AHL na NHL. Kutoka kuvua viatu hadi Stanley Cup, kombe la NHL, ilikuwa miaka 20, na 14 kati ya hiyo aliitumia kwenye ligi za chini.

Sasa mama yangu, habari ya pesa siwezi kukusaidia. Hata mimi hoki imenifilisi. Lakini viatu vya mwanao vimekuwa butu, ndiyo maana anateleza akigeuka kushoto. Avilete Alhamisi nimnolee.