Maziwa hayasafishi vumbi la mapafuni

Kwa wapasua kokoto na mafundi wa ujenzi hapa Dodoma, imani hii imeota mizizi: kunywa maziwa jioni, vumbi lote linashuka. Wapo wasimamizi wanaogawa pakiti za maziwa na kuona wamemaliza wajibu wao. Inaniuma, kwa sababu nia ni njema lakini kinga haipo.

Maziwa yanakwenda tumboni. Vumbi linakwenda mapafuni, kwa njia nyingine kabisa. Lile linalokwama kooni hata maji hulishusha. Linaloua ni lile lisiloonekana kwa macho. Mawe mengi ya huku ni granaiti, yenye madini yaitwayo silika, na chembe zake ndogo sana hufika ndani kabisa ya mapafu na kuyaachia makovu. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Makovu hayo hayafutiki, na mgonjwa huwa rahisi zaidi kupata kifua kikuu. Mara nyingi huchukua miaka mingi kujitokeza, ndiyo maana kijana mwenye nguvu huamini maziwa yanamsaidia.

Vumbi huzuiwa kabla halijaruka: lowesha jiwe, tumia mashine ya kukatia yenye maji, usikae upande upepo unakoelekea. Barakoa maalumu ya vumbi inayobana uso hufuata baada ya hayo, kitambaa hakitoshi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga na kuwapima wafanyakazi afya. Dai vifaa na vipimo hivyo kwanza, maziwa baadaye.