Eti udongo wa miwa lazima uwe laini kama unga

Wiki hii wakulima watatu wameniambia kitu kilekile, eti shamba la miwa halijaiva mpaka udongo uwe kama unga, kwahiyo plau, haro ya kuvunja mabonge mara mbili, halafu rotaveta, ile mashine ya visu vinavyozunguka kusaga udongo, shamba zima. Mvua ya kwanza ikishuka wananipigia simu korongo limechimbika katikati ya shamba, tatizo nini mtaalamu.

Tatizo ni huo unga! Kipande cha muwa unachopanda kama mbegu kinahitaji udongo uliovunjika pale kinapolala tu, ugusane nacho vizuri kipate unyevu. Katikati ya mistari hakuna ulichopanda, sasa unapalainisha kwa ajili ya nani? Tone la mvua likipiga udongo uliosagika, chembe zinaziba vitundu vya juu, maji hayaingii tena, yanateremka na ule udongo wa juu uliouwekea mbolea, na muwa unachukua miezi kadhaa mpaka majani yake yafunike nafasi ya kati, muda wote huo shamba liko uchi.

Fungua uvitoe visu vya rotaveta vinavyopita katikati, bakiza vya kwenye mstari tu, upana wa sentimita 50 hivi. Mistari ikiachana mita 1.5 maana yake umechimba theluthi moja ya shamba, theluthi mbili imebaki na majani yake na mizizi ya zamani imeshika udongo, na dizeli umeokoa. Mashina ya zamani yakichipua yapige dawa yafie palepale. Ila visu vitoe kwa mpangilio, kushoto na kulia vilingane, ukitoa ovyo shafti inatetemeka beringi zinakufa, halafu useme nimekudanganya. Na matairi yapite njia ileile ya katikati kila msimu, nawaomba sana hapo.

Wengine wanadai hiyo inataka mashine mpya. Wapi, ripa yako hiyohiyo, lile jembe la meno la kupasua udongo, toa meno ya kati, mwambie fundi wa kuchomelea aweke sahani ya kukata majani mbele ya kila jino lililobaki. Ndo maana hata la kuchoma majani kisa yanaziba meno silielewi, yanaziba kwa sababu meno yamebanana na mbele hakuna kitu cha kukata.

Kupitisha subsoila, lile jino refu la kupasua udongo mgumu wa chini, udongo ukiwa umelowa eti inapenya kirahisi: inapenya ndiyo, ila haipasui, inaacha mfereji wenye kuta kama zimepigwa plasta. Chukua udongo wa kina unachotaka kufika, uvingirishe kiganjani, ukitoka kamba rudisha trekta nyumbani.

Unasema shamba lako ni tambarare halimomonyoki? Mteremko mdogo ukiwa mrefu maji yanajikusanya yanapata nguvu, kaangalie chini kule baada ya mvua. Na wewe unayelima kupanda na kushuka mlima kisa kugeuza trekta ni rahisi, kwako hata tufungue visu vyote hatujafanya kitu, pima kontua kwanza, yaani mistari ya usawa inayokatisha mteremko, ndo uniite.