Mwanamke anaulizwa nini redioni?

Ninahariri vipindi vya redio, na ninawafundisha waandishi vijana wa Unguja na Pemba. Juzi kijana mmoja aliniletea kipindi alichokirekodi Pemba kuhusu mwani. Anaanza sheha, yaani kiongozi wa mtaa, anafuata afisa, kisha mnunuzi. Mwishoni kabisa, kwa muda usiotimia dakika, anasikika bibi mmoja mkulima. Ameulizwa: "Bibi, kilio chenu nini?" Naye kajibu kuwa bei ni ndogo. Muziki ukapigwa, kipindi kikaisha.

Nikamwambia anipe mahojiano yote kabla hajayakata.

Mle ndani bibi anazungumza muda mrefu, na hakulia hata kidogo. Anaeleza jinsi kotonii, aina ya mwani wenye bei, inavyopauka na kukatika maji yakipata joto, na kwamba alijaribu kusogeza vigingi vyake kwenye kina, maji yanakopoa. Anaeleza kwa nini wenziwe wengi hawakumfuata: huko kina kunataka chombo, kunataka kujua kuogelea, na wao wamezoea kushuka pwani kwa miguu wakati wa bamvua, maji yakikupwa sana. Haya ni maarifa ya mtu aliyeinama kwenye maji ya chumvi miaka na miaka. Sheha na afisa hawakuyagusa.

"Mbona umeyatoa?" nikamuuliza.

"Niliona anarefusha, mwalimu."

Hapo ndipo ninapotaka wasomaji wangu wapaangalie. Tukizungumzia usawa katika vyombo vya habari, hesabu ya kwanza huwa ni wanawake wangapi wamesikika. Hesabu hiyo ni ya lazima, lakini kipindi kile kingeipita: mwanamke yumo. Mimi huwataka wanafunzi wangu wachore safu mbili kwenye karatasi. Safu moja waandike nani ameulizwa "kwa nini" na "vipi", ya pili nani ameulizwa "mnaomba nini". Mara nyingi wanaume hujaa safu ya kwanza, hata kwa kazi ambayo mikono inayoifanya, kama ya mwani, mingi ni ya wanawake.

Na visiwa hivi si vigeni kwa sauti ya mwanamke. Siti binti Saad alitoka Fumba, mtoto wa wafinyanzi, akaja mjini kuimba, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Wengi wanamtaja kwa uzuri wa sauti. Mimi namtaja kwa alichokisema. Wimbo wake wa Kijiti unahusu mwanamke mgeni aliyebakwa na kuuawa. Muuaji akatoroka, na walioadhibiwa wakawa wanawake waliotoa ushahidi. Siti aliieleza kesi na akaeleza palipopinda. Ile ilikuwa habari kamili, yenye tukio, hukumu na sababu, na watu wasiojua kusoma gazeti waliipata kwa santuri. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilipoliita jarida lake Sauti ya Siti, naona kilimwelewa vizuri.

Lakini hata kwenye taarab, mwanamke alikubaliwa koo kabla ya kukubaliwa vidole. Yeye aimbe, ala kama ganuni na fidla wapige wanaume. Ndiyo maana kundi la taarab la Tausi lina uzito kwangu: Bi Mariam Hamdani, mwandishi wa habari, aliwakusanya wanawake wakapiga ala wenyewe. Anayeshika ala ndiye anayeshika mwendo. Redioni anayeshika mwendo ni mwenye kuuliza na mwenye kukata.

Tulikaa na yule kijana tukakiunda kipindi upya. Tulianza na sauti ya bibi, nyuma yake maji yakisikika. Afisa alibaki, ila sasa alikuwa anajibu alichokisema bibi kuhusu kina na vyombo. Bei ilipata sentensi mbili, zilitosha.

Kiliporushwa, simu ya kwanza ilikuwa ya mwanamme, mkulima wa mwani. Alitaka kujua vigingi vile vilisogezwa umbali gani na kamba zilifungwaje zisichukuliwe na mkondo. Studio nzima hakuna aliyejua. Mtangazaji akamwomba asubiri, akampigia bibi.