Kulipia sola kwa kripto: maana yake hasa

Kwenye kurasa za wauza sola, chini ya lipa namba na akaunti ya benki, siku hizi huenda ukakuta mstari mmoja zaidi: "USDT pia tunapokea." Hiyo ni sarafu mojawapo ya kripto. Wateja wengi wanaupita kama hawajauona. Wachache wanauliza, na jibu wanalopewa ni "ni kama dola tu, bosi." Nusu ya jibu hilo ni kweli. Nusu iliyobaki ndiyo inayoliza watu.

Kulipia sola kwa kripto ni kununua paneli, inveta, betri na nyaya zake kwa sarafu ya kidijitali ambayo haipiti benki wala kampuni ya simu. Inatoka kwenye pochi yako, ambayo ni programu tu ndani ya simu, inaingia kwenye pochi ya muuzaji, na kuhama huko kunaandikwa kwenye daftari ambalo nakala zake ziko kwenye kompyuta nyingi duniani. Daftari hilo ndilo linaloitwa blokcheni. Likishaandika, halifuti.

Sarafu zenyewe hazifanani. Bitcoin, iliyoanza Januari 2009, bei yake inapanda na kushuka inavyotaka. Novemba 2021 moja ilikaribia dola 69,000; mwaka mmoja baadaye ilikuwa imeshuka hadi kama 16,000. Mtu aliyekuwa na mpango wa kufunga mtambo wa dola 2,000 angetoa bitcoin 0.03 mwanzoni, na kama 0.125 mwishoni, kwa paneli zilezile juu ya bati lilelile. Ndiyo maana dukani husikii sana habari za Bitcoin.

Kinachosikika ni USDT, sarafu ya kampuni ya Tether iliyoanza 2014. Hii ni ya kundi la sarafu thabiti: moja inakusudiwa iwe na thamani ya dola moja, kwa ahadi kwamba mtoaji wake ameweka akiba ya kuitosha. Neno "thabiti" lisikulevye. Mei 2022 sarafu nyingine iliyoitwa thabiti, TerraUSD, iliporomoka ndani ya siku chache na haikuinuka tena. Machi 2023 USDC, sarafu thabiti nyingine, nayo ilishuka hadi karibu senti 88 pale sehemu ya akiba yake ilipokwama kwenye benki iliyofilisika Marekani, kisha ikarudi.

Tuseme kuna kijana yuko Muscat, anataka kumfungia mama yake sola Tanga. Fundi ametoa hesabu: paneli nne za wati 550, inveta ya kilowati 3, betri ya lithiamu, stendi, nyaya na ufundi, jumla dola 1,500. Anakubali kupokea USDT. Anamtumia kijana anwani ya pochi yake kwa WhatsApp: mlolongo wa herufi na namba 34 unaoanza na T.

Hiyo T ina habari ndani yake. Inaonyesha kwamba pochi iko kwenye mtandao wa Tron, yaani blokcheni mojawapo. USDT hiyohiyo inapatikana pia kwenye Ethereum, blokcheni nyingine, ambako anwani huanza na 0x. Ni mithili ya barabara mbili zisizokutana. Ukichagua mtandao usiolingana na anwani, bahati njema ni programu ikatae kutuma. Bahati mbaya, pesa inaweza kupotea.

Kijana anatuma kutoka soko la kripto la mtandaoni, anaandika 1,500, fundi anapokea pungufu kidogo, kwa sababu baadhi ya masoko hukata ada yao ndani ya kiasi kilekile. Hapo ugomvi mdogo unaanza. Kama angetumia pochi yake mwenyewe, huenda angekwama mapema zaidi: kwa pochi nyingi za Tron, ada ya kutuma USDT hulipwa kwa TRX, sarafu ya mtandao wenyewe. Una dola 1,500 kwenye kioo cha simu na huwezi kuzitoa, sawa na mtu mwenye noti ya elfu kumi kwenye daladala asubuhi, konda hana chenji.

Kunakili anwani nako kuna mtego wake. Wezi hutuma visenti kwenye pochi yako kutoka anwani waliyoitengeneza ifanane mwanzo na mwisho na ile unayoitumia mara kwa mara. Siku nyingine unakwenda kwenye historia, unanakili kwa haraka, na pesa inakwenda kwao. Anwani inanakiliwa kutoka kwa muuzaji mwenyewe, inasomwa hadi katikati, na kinatumwa kiasi kidogo kwanza.

Vyote vikienda sawa, ndani ya dakika moja hivi muamala umethibitishwa. Kwenye Bitcoin wengi husubiri hadi saa nzima. Upesi huo ndio sifa kubwa ya njia hii, hasa kwa aliye nje ya nchi au anayeagiza mzigo wake China, ambako paneli nyingi zinatoka. Ila kumbuka Septemba 2021 Benki Kuu ya China ilitangaza kwamba biashara ya kripto ni shughuli haramu ya kifedha. Muuzaji wa huko anayekuomba utoke nje ya mfumo wa malipo wa soko la bidhaa la mtandaoni umlipe kwa USDT anakutoa pia kwenye ulinzi wa soko hilo. Mzigo ukija pungufu, utamshtaki wapi?

Kwetu nako kripto si pesa halali ya malipo. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo hilo Novemba 2019, ingawa sheria ya fedha ya 2024 ilikuja na kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Kenya ilianza na kodi ya asilimia 3 mwaka 2023, ikaiondoa 2025 na kuweka ushuru kwenye ada za watoa huduma. Hakuna duka linalolazimika kuipokea.

Na usichanganye malipo haya na yale makundi ya Telegram yanayosema "weka USDT kwenye paneli zetu, uvune faida kila siku." Pale hakuna paneli inayokuja kwako. Ni upatu wa kitapeli.

Sasa turudi kwenye sola yenyewe. Muamala unaisha kwa dakika, lakini sola unaishi nayo: paneli hutegemewa miaka 25, betri ya lithiamu pengine kumi. Daftari la blokcheni linajua USDT 1,500 zimehama. Halijui kama kilichofika Tanga ni paneli za wati 550 au za 400 zilizobandikwa lebo mpya. Benki unaweza kuilalamikia, kampuni ya simu unaweza kuipigia pesa ikienda namba isiyo yake. Huku hakuna wa kupigiwa. Inveta ikiungua mwezi wa kumi na nne, unabaki wewe, fundi na karatasi mliyoandikiana.

Kwa hiyo karatasi hiyo iandikwe kabla ya kutuma chochote: bei kwa shilingi, namba ya kila paneli na ya inveta, muda wa waranti, namba ya muamala, na kwamba mzigo ukirudishwa pesa itarudi kwa thamani ya shilingi ya siku ya malipo. Risiti ya EFD ifuate, ya shilingi pia. Fundi akisema karatasi itakuja baadaye, atume anwani kwanza, mwambie anwani nayo ibaki mpaka baadaye.