Bahari ya Jambiani Haijakimbia: Tazama Mwezi Kabla Hujalipia Hoteli

Nimechoka kuletewa picha ile ile. Mchanga mweupe umetanda mpaka macho yanapoishia, ngalawa mbili zimelala ubavu, na kwa mbali kabisa kuna mstari wa povu. Chini ya picha, maneno: "Hii ndiyo bahari uliyotuuzia?" Ya karibuni ilitoka kwa bwana harusi wa Dodoma aliyempeleka mkewe fungate Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja. Ilipigwa saa tano na nusu asubuhi. Alikuwa ameshagombana na kijana wa mapokezi, anadai arudishiwe fedha, na anataka gari ya kumhamishia Nungwi, kaskazini mwa kisiwa, siku hiyo hiyo, "kwenye bahari ya kweli." Nilimwomba kitu kimoja tu: asubiri mpaka saa kumi na moja jioni. Ilipofika saa hiyo maji yalikuwa yanapiga ngazi za baraza ya hoteli ile ile, na mkewe alikuwa anaogelea.

Kazi yangu ni kuwapangia watu safari za Unguja na Pemba, na naandika haya kwa sababu imani ile inaharibu likizo za watu waliojinyima ili wazilipie. Imani yenyewe ni kwamba Zanzibar ni ufukwe mmoja mrefu, maji yake yapo pale pale saa zote kama kwenye tangazo, na yasipokuwepo basi kuna mtu amekutapeli. Nasikia hivyo kutoka kwa watu wa Nairobi, Mwanza na Kampala. Nasikia hata kwa watu wa Dar es Salaam, ambao bahari yao hupwa na kujaa kwa saa zile zile kama yetu, wanaipita kila siku wakienda kazini.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kila siku, kwa wastani dakika hamsini hivi. Hilo wengi wameshalisikia. Wasilolisikia ni kwamba maji hayapwi sawasawa kila siku. Mwezi ukiandama na ukipevuka tunapata bamvua: maji yanapanda juu sana kisha yanashuka chini sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti inabaki mita moja hivi, na ufukwe ule ule wa Jambiani unaonekana kama umebadilishwa na mwingine. Kwa hiyo mgeni wa maji mafu akirudi kwao anasema Jambiani ni pazuri, wa bamvua anasema ni jangwa, na wote wawili wamelala chumba kile kile, kwa kupishana wiki moja tu.

Sasa sehemu ambayo hakuna wakala anayekueleza, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Hapa kwetu bamvua ina saa zake, na hazibadiliki mwaka hadi mwaka. Siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hukauka mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: yanajaa mnamo saa nne asubuhi na kupwa jioni, ila kupwa kwenyewe ni kudogo. Ukilijua hilo huhitaji programu yoyote ya simu kuchagua tarehe. Chukua kalenda yenye tarehe za Kiislamu, ile inayotundikwa ukutani kila nyumba Unguja. Ukitaka bahari imejaa katikati ya mchana, watoto wacheze ndani ya maji kuanzia saa sita mpaka saa nane, lenga tarehe 10 hadi 12 za mwezi, au 25 hadi 27. Ukija tarehe 3 hadi 5, au 18 hadi 20, mchana ndio unaokuwa mkavu. Yule bwana harusi alifika mwezi umetoka tu kupevuka. Angebadilisha tarehe kwa siku sita, tusingegombana.

Hesabu hii ni ya kukadiria. Mwezi ukionekana siku moja mapema au ukichelewa, tarehe zinasogea, na upepo mkali ukisukuma maji hayatii saa. Ndiyo maana nikishachagua wiki kwa kalenda, saa zenyewe nazitazama kwenye jedwali la maji, na mteja namwambia aongeze nusu saa huku na huku. Anayekupa dakika kamili miezi sita kabla, usimwamini.

Baada ya tarehe ndipo tuzungumze mahali. Pwani ya mashariki, kuanzia Matemwe, Kiwengwa, Pongwe, kisha Michamvi, Bwejuu, Paje na Jambiani, iko kama sinia: mwamba wa nje ndio ukingo, na ndani yake ni kina kifupi cha mchanga na mawe. Maji ya bamvua yakishuka, sinia lote linabaki wazi, na pengine unatembea kilomita nzima kabla hujafika penye mawimbi. Kendwa, na Nungwi ya upande wa magharibi, ufukwe unashuka haraka. Maji yale yale yanashuka mita zile zile, lakini wewe unaona yamerudi hatua chache tu. Bahari ni hiyo hiyo moja, kinachotofautiana ni sakafu yake.

Na tafadhali, neno "Nungwi" peke yake lisikutoshe. Nungwi ina pande mbili. Hoteli iliyo mashariki ya mnara wa taa ya kuongozea meli inatazama upande unaokauka kama Matemwe, na zipo zinazouzwa kwa bei ya Nungwi huku picha zao zote zimepigwa saa kumi jioni siku ya bamvua. Hili linanikera kuliko ile picha ya ngalawa zilizolala, kwa sababu mgeni alijitahidi kuuliza, akajibiwa nusu. Usiulize tu "mko ufukweni?" Uliza chumba kinatazama wapi, kisha omba picha ya ufukwe wakati maji makavu. Hoteli inayojiamini inakutumia siku hiyo hiyo.

Michamvi Pingwe kuna ule mgahawa uliojengwa juu ya jiwe ndani ya maji. Watu hupanga foleni kupiga picha wakidhani ni ajabu ya ujenzi. Mimi huwapeleka wageni wangu pale makusudi, maji yakiwa makavu, tukafika kwa miguu na ndala mkononi. Tukimaliza kula, kijana wa mashua anatusubiri kwenye ngazi kuturudisha nchi kavu kwa chombo. Baada ya hapo sihitaji tena kumweleza mtu kupwa na kujaa.

Upepo nitaupitia haraka. Kaskazi huvuma kuanzia mnamo Disemba mpaka Machi: joto, na ufukwe unaotazama kaskazini na mashariki hupata mawimbi. Kusi hutawala kuanzia Juni mpaka Septemba: hali ya hewa ya ubaridi, hewa kavu, na pwani ya kusini mashariki inapigwa upepo mchana kutwa. Wanaocheza na miamvuli ya upepo Paje wanaupenda. Bibi yako wa miaka sabini aliyekuja kupumzika hataupenda. Masika ni Machi hadi Mei, na hoteli nyingine hufunga. Vuli huja Oktoba hadi Disemba, mvua za vipindi. Wazee walikuwa wanapanga mambo yao kwa misimu hii bila wasiwasi. Mimi siku hizi nasita kumwahidi mtu wiki kavu, hata Januari, na nimeacha kuandika neno "hakika" kwenye ratiba.

Nirudi kwenye maji makavu, maana wageni wanayaita hasara nami nayaita nusu ya Zanzibar. Bahari ikipwa Paje, kina mama wanatoka na kamba zao kwenda kwenye mashamba ya mwani. Kilimo hicho kilianza hapa kibiashara mwaka 1989, na mpaka leo kazi yake kubwa hufanywa siku za bamvua, wakati vigingi vilivyochomekwa mchangani vinapofikika kwa miguu. Wengine wanachokoa pweza kwenye mashimo ya mwamba, na chombo chao ni fimbo ya chuma tu. Tazama namna wanavyokanyaga: wanafuata mchanga, wanalipita jiwe, hawasimami ovyo. Mgeni anayelala hadi saa tano akisubiri bahari irudi amekikosa kitu ambacho Nungwi ya magharibi haiwezi kumwonesha.

Hapo hapo ndipo penye shaka yangu kubwa. Matembezi ya mwambani tunayauza sote, nami nayauza. Kila bamvua naona nyayo nyingi zaidi juu ya matumbawe, na viti vya pweza, vile viumbe vyenye umbo la nyota, vinainuliwa kwa ajili ya picha, vinashikwa juu ya maji, kisha vinarudishwa vikiwa hoi. Nimeweka masharti: kikundi kidogo, viatu vya mpira, hakuna kugusa kiumbe chochote, hakuna kupita katikati ya shamba la mtu. Bado sina amani nalo. Wapo wenzangu wanaoona ni bora tusimpeleke mtu kabisa. Wapo kina mama wanaosema wageni wakikoma, hakuna atakayenunua sabuni zao za mwani. Siku moja naona hawa wana haki, siku nyingine wale. Kwa pomboo wa Kizimkazi nimeshaamua: boti kumi zikimzunguka mnyama mmoja, wateja wangu hawamo.

Ukitoka kutembea huko nje, rudi kabla maji hayajaanza kugeuka. Maji yanapojaa hayaji kwa mstari mmoja kutoka mbele yako. Yanaingia kwanza kwenye mikondo iliyo chini zaidi, ambayo mara nyingi iko nyuma yako, kati yako na ufukwe. Mtu anatazama mawimbi bado yako mbali, anageuka, anakuta njia aliyokuja nayo imefika kiunoni. Nenda na mwenyeji, akikwambia turudi, rudi.

Mengine kwa ufupi. Mji Mkongwe upe usiku mbili, si mchana mmoja kati ya boti na hoteli. Jumba la kale la Beit al-Ajaib sehemu yake iliporomoka Disemba 2020, kwa hiyo usipange siku yako kwa picha za zamani. Msitu wa Jozani nenda asubuhi kuwaona kima punju, ambao asili yao ni Unguja tu, na kaa mbali nao hata wakikusogelea. Kwenye vijiji na mjini funika mabega na magoti. Ufukweni wa hoteli ni kwengine, kijiji ni kwengine, hata kama kinachotenganisha ni ukuta wa makuti. Ramadhani ni wakati mzuri kwa mtu anayejua anakuja kwenye nini: mchana migahawa mingi imefungwa, na jioni mji wote uko nje. Daladala ya Nungwi ni 116 na ya Jambiani ni 309, zinafika, ila usizitegemee kukuwahisha boti.

Kisha Pemba. Kila msimu kuna anayeniandikia: siku nne, visiwa viwili, ndiyo safari yake ya kwanza. Jibu langu ni hapana, chagua kimoja. Pemba si Unguja iliyopunguzwa watu. Ni kisiwa cha vilima, mikarafuu, mikoko na barabara zinazopinda, na hoteli za ufukweni ni za kuhesabu. Fukwe nzuri zipo, Vumawimbi ni mojawapo, lakini unapita msitu wa Ngezi kuifikia, na ukifika pengine hakuna wa kukuuzia hata dafu. Wazamiaji huja kwa sababu mkondo unaokitenga kisiwa na bara ni wa kina kikubwa, na kuta za matumbawe zinashuka wima. Wapenda ndege na wanyama huja kwa popo wa Pemba, yule mkubwa mwenye manyoya mekundu. Ukija msimu wa karafuu utazikuta zimeanikwa kwenye majamvi kila kiambo, harufu inaingia mpaka ndani ya gari.

Kwa mtu wa mara ya kwanza, nimpeleke Pemba au nisimpeleke? Moyo wangu unasema ndiyo, mimi mwenyewe likizo yangu naila kule. Uzoefu unanizuia, maana mwenye siku chache akikutana na mvua, umeme ukakatika, na hakuna mgahawa wa pili wa kujaribu, atawaambia watu wote kwao kwamba Pemba hakuna kitu. Kwa hiyo nimejiwekea kipimo: mwenye siku kumi na zaidi, na asiyeuliza kwanza kuhusu kasi ya intaneti, namtafutia nyumba Wete au karibu na Kigomasha. Wengine nawaanzisha Unguja.

Nikupangie nini, basi, ukiniandikia? Nitumie tarehe kabla ya jina la hoteli. Nieleze nani anakuja: mtoto asiyejua kuogelea, mzee mwenye maumivu ya magoti, au wewe peke yako na kitabu. Mwenye mtoto mdogo nitampa mashariki siku za maji mafu, maana kina ni kifupi na mawimbi yanavunjikia nje kwenye mwamba. Mwenye kutaka kuogelea kila saa aipendayo nitampeleka Kendwa, nimwambie mapema kwamba kuna muziki na kuna watu. Na ukishalipia hoteli kabla hujaniuliza, nitumie jina lake pamoja na tarehe za kuingia na kutoka. Nitakurudishia saa za maji za kila siku utakayokuwepo, uzibandike mlangoni.